"MASAA MANNE TU": HESABU YA SAFARI YA DAR ES SALAAM HADI JEDDAH



Kila mwaka inapokaribia miezi ya Hijja, mitaani kwetu husikika maswali ya aina moja: nani anakwenda, anakwenda na kikundi gani, na safari ni ya muda gani. Swali hili la mwisho lina jibu ambalo kila mtu amelihifadhi: "Masaa manne tu." Anayelisema hasemi uongo. Lakini sisi tunaoandika ukurasa huu tunaona kwamba jibu hilo ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo imeshawasumbua wazee wetu wengi.

Maoni yetu ni haya. Umbali baina ya viwanja viwili vya ndege ni jambo moja. Muda ambao ndege inakuwa angani ni jambo la pili. Safari ya mtu kutoka mlangoni kwake hadi kitandani anapofikia ni jambo la tatu. Mwenye kuyachanganya matatu haya hulipa, ama kwa fedha ama kwa afya yake. Na kazi ya kuyatenganisha isiachiwe wakala wa tiketi peke yake. Ni kazi yetu sisi vijana, tunaosoma hesabu na jiografia skuli asubuhi na kuja chuoni jioni.

Umbali wenyewe

Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, uko kiasi cha digrii 6.9 kusini ya Ikweta. Uwanja wa Mfalme Abdulaziz, Jeddah, uko kiasi cha digrii 21.7 kaskazini ya Ikweta. Kwa upande wa longitudo, vyote viwili viko kwenye digrii 39 na kidogo mashariki. Maana yake ni kwamba Jeddah iko kaskazini ya Dar es Salaam moja kwa moja, kama uzi uliovutwa ukutani na fundi. Wengi wetu tulikuwa tukidhani Jeddah iko mbali sana upande wa mashariki. Fungueni ramani mtazame.

Sasa tujumlishe: 6.9 na 21.7 ni digrii 28.6. Kila digrii moja ya latitudo ni karibu kilomita 111. Tukizidisha tunapata kama kilomita 3,170. Vipimo makini zaidi, ambavyo vinazingatia kwamba dunia haikuviringana sawasawa bali imebonyea kidogo kwenye ncha zake, vinatoa kiasi cha kilomita 3,160. Tofauti ni ndogo. Mwanafunzi mwenye penseli na karatasi anaweza kuukaribia umbali huu bila ya kompyuta.

Na hii namba 111 haikushuka tu vitabuni. Katika zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia mwaka 813 hadi 833, wataalamu walitumwa katika jangwa la Sinjar, Iraq, wakaenda kwa miguu upande wa kaskazini huku wakipima nyota ya ncha mpaka imepanda kwa digrii moja, kisha wakahesabu ardhi waliyoipita. Karne mbili baadaye al-Biruni aliandika kitabu kizima, alichokimaliza mwaka 1025, juu ya namna ya kujua mahala pa miji na masafa baina yao, na alitaka kwa hesabu hiyo kuupata upande wa kibla kutoka mji wa Ghazna. Basi asituambie mtu kwamba kupima masafa si kazi ya watu wa madrasa. Wenzetu waliifanya kabla hatujajua ndege ni kitu gani.

Muda wa angani

Ndege kubwa za abiria zinapokuwa juu huenda kiasi cha kilomita 850 kwa saa. Kilomita 3,160 ukizigawa kwa 850 unapata masaa matatu na dakika zipatazo 43. Ongeza muda wa kupanda, wa kushuka na wa kujivuta chini kiwanjani, utapata masaa manne na zaidi kidogo. Hayo ndiyo "masaa manne" yanayosemwa. Lakini ni ya ndege inayokwenda moja kwa moja bila ya kutua popote, na abiria wetu wengi hawapandi ndege ya namna hiyo. Wanabadilisha ndege njiani.

Tutazame njia mbili. Ya kwanza ni ya kupitia Addis Ababa. Mji huu nao uko karibu na uzi ule ule wa digrii 39. Kutoka Dar es Salaam hadi Addis Ababa ni kiasi cha kilomita 1,750, na kutoka hapo hadi Jeddah ni kiasi cha kilomita 1,410. Jumla yake ni 3,160, sawa na njia ya moja kwa moja. Kwa kilomita, msafiri hakupoteza kitu. Kwa masaa, amepoteza mengi, kwa sababu ndege imetua, ameshuka, amesubiri, amepanda nyengine.

Njia ya pili ni ya kupitia Dubai. Kutoka Dar es Salaam hadi Dubai ni karibu kilomita 3,960, na kutoka Dubai kurudi magharibi hadi Jeddah ni karibu kilomita 1,700. Jumla ni kama kilomita 5,660. Hapa msafiri amekwenda mbele ya anakokwenda, kisha akarudi nyuma. Masafa yameongezeka kwa kilomita 2,500, karibu mara mbili ya njia fupi. Hatusemi njia hii ni mbaya. Pengine tiketi yake ni nafuu, au ndege zake ni nyingi. Tunasema tu kwamba mtu ajue anachokinunua.

Kuna jambo jengine ambalo ramani haituambii. Ndege haipiti inapotaka, hupita inaporuhusiwa. Vita vilipozuka kati ya Ethiopia na Eritrea mwaka 1998, safari za ndege baina ya Addis Ababa na Asmara zilikatika, na hazikurejea mpaka Julai 2018. Miji hii ina kilomita zipatazo 700 tu baina yake, lakini kwa miaka 20 mtu aliyetaka kuruka kutoka mmoja kwenda wa pili alilazimika kuzunguka nchi ya tatu. Mwaka 2024 shirika la ndege la Ethiopia likasimamisha tena safari zake za Asmara. Vile vile, Juni 2017 Saudi Arabia na nchi jirani zake zilipokata uhusiano na Qatar na kuzifungia ndege zake anga, njia ya Jeddah kupitia Doha ilifungika mpaka Januari 2021. Kilomita zilikuwa zile zile siku zote. Kilichobadilika ni wanadamu.

Wazee wetu waliosafiri kwa jahazi walilijua hili vizuri kuliko sisi. Wao hawakuuliza Arabuni ni maili ngapi, waliuliza kusi limeingia lini. Jahazi lilikwenda kaskazini na kusi na kurudi na kaskazi, na aliyekosa upepo wa mwaka huu alisubiri wa mwakani. Hawakuwa na haraka ya kudanganywa na namba.

Safari ya mtu

Sasa tuhesabu pamoja. Tuchukue bibi mmoja wa hapa Unguja anayekwenda Jeddah kwa kupitia Dar es Salaam na Addis Ababa. Haya ni makadirio yetu, na kila mmoja anaweza kuweka namba zake:

Kutoka nyumbani, kufika bandarini na kungoja boti: saa moja.
Boti hadi Dar es Salaam: masaa mawili.
Bandarini hadi kiwanja cha ndege, pamoja na foleni ya magari: saa moja.
Kufika mapema, kupima mizigo, kukaguliwa na kungoja: masaa matatu.
Ndege hadi Addis Ababa: masaa matatu.
Kungoja ndege ya pili: masaa manne.
Ndege hadi Jeddah: masaa mawili na nusu.
Kugongewa pasi na kungoja mizigo: masaa mawili.
Basi hadi Makka na kupata chumba: masaa mawili.

Jumlisheni. Ni masaa 20 na nusu. Katika hayo, masaa ya kuwa ndani ya ndege ni matano na nusu tu. Yaliyobaki yote ni ya kukaa, kusimama, kupanda ngazi na kukokota mizigo.

Atasema mtu, bibi huyu apande ndege kutoka Unguja hadi Dar es Salaam, ni dakika 20 tu. Ni kweli, baina ya viwanja hivyo viwili ni kilomita 73. Lakini kwa ndege hiyo ndogo nayo anatakiwa afike mapema, apime mizigo na angoje. Ukihesabu tokea mlangoni, tofauti yake na boti si kubwa kama tunavyodhani. Faida yake ni kwamba hushukia kwenye kiwanja kile kile na kuepuka foleni ya mjini. Hiyo ni faida ya kweli, lakini si faida ya dakika 20.

Kwa nini tunalishikilia jambo hili? Kwa sababu bibi aliyeambiwa masaa manne huifanyia safari matayarisho ya masaa manne. Dawa zake za sukari na za presha huziweka ndani ya begi kubwa linalokwenda chini ya ndege, kwa kuwa anadhani atalifungua muda si mrefu. Hachukui chakula. Hachukui nguo ya baridi, na viwanja vya ndege usiku vina baridi. Wanawe nao hupiga simu baada ya masaa matano, hawampati, wakaanza kulia. Mtu huyo huyo akiambiwa mapema kwamba safari yake ni siku nzima, atalala vizuri usiku wa kabla yake, ataweka dawa za siku mbili kwenye mkoba wa mkononi pamoja na karatasi ya daktari, na atawaambia wanawe wasingoje simu yake mpaka kesho. Safari haikupungua hata dakika moja, lakini mateso yamepungua.

Saa ya tiketi na saa yetu

Hapa ndipo penye hasara kubwa kuliko zote. Tiketi huandika saa kwa mtindo wa masaa 24 yanayoanza usiku wa manane. Sisi saa zetu zinahesabiwa tangu kuchomoza na kuchwa kwa jua. Tiketi ikiandika 02:45, wako wanaosoma "saa mbili na robo tatu", wakaja asubuhi baada ya kunywa chai. Ndege imeshaondoka. Ile ilikuwa saa tisa kasorobo usiku.

Kanuni yake ni nyepesi. Ikiwa namba ya saa ni 06:00 au chini yake, ongeza sita. Ikiwa ni zaidi, toa sita. Na ukitoa sita bado ikazidi kumi na mbili, toa kumi na mbili tena. Hivyo 14:00 ni saa nane mchana, na 21:00 ni saa tatu usiku. Mtoto wa darasa la tatu anaiweza.

Siku ni ngumu zaidi. Kwetu sisi "usiku wa Ijumaa" ni ule unaoingia Alkhamisi kwa adhana ya Magharibi. Lakini "Ijumaa usiku", kama tunavyozungumza siku hizi, ni baada ya Ijumaa yenyewe kwisha. Maneno ni yale yale mawili, na kati yake pana siku nzima. Tiketi inayosema Ijumaa tarehe 15, saa 02:45, inakusudia usiku wa Ijumaa. Msafiri anatakiwa awe kiwanjani Alkhamisi tarehe 14, saa sita kasorobo usiku. Tumeshuhudia mtaani kwetu familia iliyokwenda na msafiri wao Ijumaa baada ya Isha, wamevaa, wamejipanga, na gari mbili za kusindikiza. Walikuwa wamechelewa karibu siku nzima. Fedha ya tiketi ile ilikuwa ni ya miaka ya kuuza samaki.

Kwa Jeddah tuna nafuu moja. Kwa kuwa miji yetu iko kwenye longitudo karibu sawa, saa zetu na zao ni moja, na hakuna haja ya kugeuza saa ya mkononi. Ndugu zetu wenye jamaa Muscat wao wazidi kuangalia, kwani Oman iko mbele yetu kwa saa moja. Tuseme safari ya Unguja hadi Muscat ni masaa matano na nusu. Ukiondoka saa 02:00, tiketi itaandika umefika 08:30, kama kwamba ni masaa sita na nusu. Ukirudi ukaondoka 09:00, itaandika umefika 13:30, kama kwamba ni masaa manne na nusu. Ndege haikukimbia zaidi. Tiketi huandika saa ya mji wa kuondokea na saa ya mji wa kufikia, basi.

Dakika za mwisho

Liko jambo moja linalomgusa zaidi mwenye kwenda kwa ajili ya ibada. Ndege inayokwenda kilomita 850 kwa saa hupita kilomita 14 kwa kila dakika. Msafiri akisinzia dakika tano, amepita kilomita 70, ambazo ni karibu sawa na masafa ya Unguja na Dar es Salaam. Zamani mtu aliifikia miqati kwa ngamia au kwa jahazi, akashuka, akaoga, akavaa ihram kwa utulivu. Leo rubani akitangaza kwamba miqati inakaribia, aliyeacha ihram yake kwenye begi la chini ya ndege hana la kufanya tena.

Na njia nayo inahusika. Anayetoka kusini hutajiwa Yalamlam. Anayetokea Dubai huingia kwa upande wa mashariki, upande wa Qarn al-Manazil. Kwa hiyo kubadilisha ndege si kubadilisha kilomita tu. Hukumu zake si kazi yetu kuzitoa, waulizwe walimu. Lakini mwalimu atakujibu vipi ikiwa wewe mwenyewe hujui ndege yako inapita wapi?

Tunapendekeza

Tunajua watakuwepo watakaosema kwamba haya yote ni kazi ya wakala na viongozi wa vikundi, na kwamba wao ndio wanaolipwa. Hatukatai. Wapo mawakala waaminifu wanaoeleza kila kitu. Lakini wakala ana wasafiri mia, na bibi yako ni mmoja wao. Kwako wewe ni bibi yako tu. Na wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Masaa nayo ni mali.

Kwanza, kila mwanafunzi ambaye nyumbani kwao kuna msafiri aombe aione tiketi, kisha aandike kwenye karatasi kwa herufi kubwa na kwa Kiswahili chetu: siku, tarehe, saa ya kuwa kiwanjani, mahala pa kubadilisha ndege, na muda wa kungoja hapo. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani, na nakala yake ikae mkobani kwa msafiri.

Pili, tunawaomba walimu wetu kwamba katika semina ya mahujaji ya kila mwaka, pamoja na kufundisha ibada, kitengwe kipindi kimoja cha hesabu ya safari. Hakihitaji gharama. Yatosha tufe la dunia na kipande cha uzi. Mvuteni uzi kutoka Dar es Salaam hadi Jeddah, kisha kupitia Dubai, wazee waone kwa macho yao. Wanafunzi wa madarasa ya juu tuko tayari kukisimamia.

Tatu, tunawaomba viongozi wa vikundi, kwa heshima zote, kwamba katika matangazo yao waache kuandika muda wa ndege peke yake. Waandike muda wote tangu kuondoka bandarini hadi kufika nyumba ya kulala. Hakuna atakayeahirisha Hijja yake kwa kuambiwa ni masaa 20. Lakini wapo watakaoumwa njiani kwa kuambiwa ni manne.

Ndugu zetu, elimu ya hesabu tunayopewa ina maana gani ikiwa haimfai mama aliyetulea? Mwaka huu, utakaposikia barazani mtu anasema "masaa manne tu", usimkatishe maneno wala usimvunjie heshima. Muulize kwa adabu: ni masaa manne ya ndege, au ya bibi?

Wabillahi taufiq.